Pale Punda Alipolia

Saa tisa na dakika nane, ndivyo isemavyo mashine,
nayo haijui saa tisa ni wakati gani hapa Langoni.
Hesabu yake huanza kwenye sufuri,
si kwenye machweo wala mawio.

Bi Mwanamize Lali alizungumza siku mbili
ameketi dakani, akivunja popoo kwa mkasi,
na kila popoo kwenye kioo changu
ni mlima mwembamba, mweusi, usio na bonde.
Siku ya kwanza betri ikafa kwenye 04:12:36.
Nilipotia nyingine kihesabu kikarudi sufuri
kama mtoto aliyeulizwa jina katikati ya kuhesabu.
Ndiyo maana daftari langu lina 00:14:09 mbili:
moja ya wino wa buluu,
moja nyekundu, ambapo anaomba maji.

Juzi akamtuma mjukuu: toa kile kitanda.
Samadari yake, aliyomuazima Kupi wa Mkomani
kwa harusi ya binti, miaka thelathini na moja,
imerudi juu ya mkokoteni, miguu mitatu.
Kilichorudi hakidaiwi, anasema. Kitoe.

Nikaenda kumuuliza: wapi, Bibi?
"Pale punda alipolia."

Saa tisa za Lamu zina punda kumi na mmoja.
Nimewaandika wote. Wa 02:47:31 yuko mbali,
kama bawaba ya mlango wa jirani.
Wawili wamelia juu ya adhana, hao siwagusi.
Kitanda nimekikuta mara tano.

Nilianza mbele, kama asomaye.
Nikakata sekunde arobaini, nikafurahi,
na kila kitu baada yake kikasogea arobaini:
daftari zima likawa la uongo
bila herufi hata moja kubadilika.
Nilipofika mahali pa pili sikukuta kitanda,
nilimkuta marehemu mumewe, nikamkata jina,
akabaki "Athu—"
halafu popoo.

Nikamrudisha haraka, mkono ukinitetemeka,
kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Famau, yule wa simu mbovu,
alicheka bila kuinua uso kutoka kwenye solda.
"Anza mwisho, urudi mwanzo.
Ya nyuma yakihama, ya mbele hayana habari."

Basi nikarudi kinyumenyume.
Nyekundu, 03:50:44: amechoka, anasema Mungu atalipa.
Nyekundu, 01:06:20: atalipa Kupi mwenyewe.
Buluu, 03:15:02: Kupi, na babake Kupi,
na mbao za jeneza lake ziwe za kuazima.
Kadiri nilivyorudi ndivyo alivyokasirika,
sauti ikipata meno.
Buluu, 02:47:31: hapo anahesabu nakshi za ubao wa kichwani,
waridi saba, moja halikumalizwa, fundi alikwenda Faza
hakurudi.

Ikabaki ile ya kwanza.
00:14:09, buluu.
Hapo hajamtaja mtu.
Anasema tu kwamba kilikuwa kirefu,
kwamba alipanda kwa kigoda usiku ule,
na kigoda kikateleza, na wote wawili wakacheka
mpaka somo aliyekuwa nje ya mlango akagonga.
Na hapo, juu ya kicheko chake mwenyewe,
punda.

Nilikaa na mkasi wa mashine kwa muda
ambao haukuandikwa popote.
Kisha nikatoa, maana ndivyo nilivyotumwa.

Leo nimempelekea. Amevaa spika za masikioni
juu ya mtandio, amefumba macho,
midomo inatangulia maneno yake mwenyewe.
Dakika ya kumi na tatu.
Dakika ya kumi na nne.
Akafumbua.
"Na punda yu wapi?"

Nimemweka pembeni, Bibi.
Yuko peke yake kwenye faili,
yeye na kigoda.
Sekunde thelathini na nane.